Bidoni ya Mjini na Bidoni ya Njia

Mume wetu alikuwa mtu wa kugawa. Akiletewa samaki wawili wa Lualaba, mmoja alikuwa wangu, na wa pili alimtia chumvi asubiri safari ya Kabambare, kwa mke mwenzangu. Vitenge alinunua vya rangi moja, kimoja kwangu na kimoja kwake, ili asipatikane wa kulalamika. Siku za kulala alizigawa pia, na mvua ikikata njia akakaa kwangu kupita zamu, siku zilizozidi alizirudisha kwa mwenzangu wakati wa kiangazi, moja moja, kama mtu anayerudisha unga wa jirani. Pale Kasongo watu walimsifu. Msikitini, kijana akitaka kuongeza mke, wazee walimwambia amtazame yule kwanza, anayemwogopa Mungu hata kwenye sabuni.

Mimi sikumsifu. Nilikuwa mke wa kwanza. Nilimjua angali na baiskeli moja na gunia moja la chumvi, na kila alipogawa sawa niliona nimekatwa nusu. Kabla ya mwenzangu kuja, samaki wote wawili walikuwa wangu.

Mwenzangu ni mtoto wa Wamaza, vijiji vya ndani zaidi ya Kabambare. Mume wetu alimpata kwenye safari zake za kununua mchele na karanga, akamjengea Kabambare, mahali gari linapoweza kufika. Mimi nilibaki Kasongo, katika nyumba iliyo nyuma ya soko, karibu na duka letu. Hatukuwahi kugombana, kwa sababu hatukuwahi kukaa pamoja. Nilikuwa nimemwona siku ya ndoa yake na siku nyingine mbili tatu za misiba. Wivu wangu haukuhitaji kumwona. Ulikua vizuri tu bila yeye.

Halafu mume wetu akanunua gari. Lilikuwa kamioneti kuukuu linalotumia esansi, yaani petroli, lililoachwa na mfanyabiashara mmoja aliyehama. Mlango wa upande wa abiria ulifungwa kwa kamba, na mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo aliyetaka kujua tangi lina kiasi gani aliingiza kijiti. Mjini kwetu watu wanakwenda kwa pikipiki na baiskeli, wenye gari ni wachache. Siku lilipoingia uani nilivaa kitenge kipya nikasimama nje najifanya natafuta kuku, ili majirani wanione.

Gari huwezi kulikata katikati kama samaki. Yeye akagawa esansi. Kila malori yalipoleta mapipa, alijaza bidoni mbili, madumu makubwa ya njano, zote mpaka shingoni, akaziweka stoo. Moja aliifunga kitambaa chekundu: hiyo ilikuwa ya mjini, yaani yangu. Nyingine aliifunga kamba ya mnazi wa porini, ile tunayosukia mikeka: ya njia, yaani ya mwenzangu, ya kumfikisha mume wetu Kabambare na kumrudisha.

“Hapa hakuna mukubwa wala mudogo,” aliniambia. “Kila mutu na bidoni yake.”

Bidoni yangu ilikuwa inaisha mbio. Sikuona gari likienda popote. Asubuhi lilitoka uani hadi dukani, mwendo ambao mtu anautembea bila kutoa jasho. Linazimwa. Mchana linarudi nyumbani kwa chakula, linazimwa. Linakwenda tena, linazimwa. Ijumaa linakwenda msikitini na kukaa juani hadi swala iishe. Na siku za kufunga kidonda cha mama yangu, lilimpeleka hospitali.

Mama alikuwa ameletwa kwangu kwa sababu ya mguu. Alikuwa na kidonda chini ya goti kisichotaka kufunga, na kila baada ya siku chache wauguzi walikiosha na kukifunga upya. Alikaa mbele, katikati yetu, ameunyoosha mguu. Mbele yake, kwenye ubao wa gari, kulikuwa na kifungo cheusi kilichotokeza kama kidole, na mama alitundika hapo mfuko wake wa vitambaa vya kidonda. Alisema mkwe wake ni mtu wa kufikiri, amemwekea hata msumari. Mume wetu alicheka mpaka akafuta macho, na hakumsahihisha. Tukifika kwenye lango la hospitali hakuzima injini. Alituambia ikizimika kabla haijapata moto itamsumbua kuiwasha, basi ikabaki inanguruma pale huku mama anashushwa taratibu, anasalimia kila mtu, anaulizwa habari za mguu.

Ya mwenzangu ilikaa stoo imejaa, kamba yake haijalegea. Siku ya safari iliingia kwenye tangi, gari likaenda Kabambare kupitia milima yote ile, likarudi limelemewa na magunia, na bado kijiti kilitoka kimelowa. Iliyobaki aliinyonya kwa mpira, akairudisha kwenye bidoni ya kamba. Kwa kuwa ilikuwa haki ya mwenzangu.

Nilianza kuchunguza. Bidoni ya njano ukiinyanyua kuelekea jua unaiona esansi ndani kama kivuli, na mimi nilichora mstari wa makaa pale kivuli kilipoishia. Nilinusa mdomo wa bidoni yake kama kwamba esansi yangu ingekuwa na harufu yangu. Nilitazama chini ya gari kama kuna tone. Sikupata kitu, na kukosa kwangu kukanipa uhakika. Nilijiambia: anamimina yangu kwenye tangi kwanza, nisipokuwepo, halafu ya mwenzangu inakwenda mbali kwa sababu imepanda juu ya mgongo wa yangu.

Nilipomwuliza alinijibu bila hasira kwamba mjini gari linakula. Njia fupi inakula kuliko njia ndefu.

“Kwa hiyo mtu aliyekwenda kisimani anachoka kuliko aliyekwenda Kabambare,” nikasema.

“Gari si mutu.”

Akaniambia nifikirie mbabula yangu, jiko langu la makaa. Nikiwasha makaa kwa ajili ya chai peke yake, yanayoteketea ni karibu sawa na ya kupikia sufuria ya maharage, kwa kuwa sehemu kubwa inaishia kwenye kuwasha, kabla chungu hakijasikia moto. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na mimi nilijua kuwa ni ya kweli kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamjibu asinifundishe makaa. Mwenye wivu haombi maelezo ili aelewe. Anayaomba ili ayakatae.

Jirani yangu, mama mmoja wa kanisani aliyeuza mawese mbele ya nyumba yake, alikuwa anaziona bidoni zikiingia na kutoka, na ulimi wake haukuwa na mlango.

“Mama,” aliniita siku moja mbele ya wateja, “huko Kabambare bibi mudogo anakaangia ndizi na esansi yako?”

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikaingia ndani, nikakaa juu ya gunia la chumvi.

Halafu ikafika asubuhi ambayo sijaisahau. Ilikuwa siku ya mama ya kufungwa kidonda. Bidoni ya kitambaa chekundu ilikuwa imekauka, na gari lilikuwa limepakiwa chumvi na sabuni kwa ajili ya Kabambare. Mama alikuwa ameshakaa barazani na mfuko wake mapajani. Nilimwomba mume wetu achukue chupa moja tu kutoka ile ya kamba, atupeleke, kisha aendelee na safari yake.

Nakumbuka alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili.

“Ile ni haki ya mwenzako,” akasema. “Nikiigusa leo kwa ajili yako, kesho nitagusa yako kwa ajili yake. Usinifungulie mulango huo, mama.”

Akapanda, akaondoka. Mama yangu alikwenda hospitali juu ya baiskeli inayosukumwa, mguu umenyooshwa juu ya mti uliofungwa kwenye usukani, na alipopita sokoni alipunga mkono kwa watu kama waziri. Wanawake wakamwuliza gari liko wapi. Akawajibu kwamba gari la mkwe wake linasikia njaa mjini tu, likifika porini linashiba. Alicheka njia nzima. Mimi nilitembea nyuma ya baiskeli natazama alama za matairi ya kamioneti kwenye vumbi.

Mama alikufa baadaye, kwa uzee wake. Mguu ulikuwa umekwisha kufunga. Sitaki kumsingizia mtu.

Mume wetu alikufa Kabambare, katika zamu ya mwenzangu. Homa ilimshika jioni, na mimi niliambiwa kwa simu kulipopambazuka kwamba amekwisha ondoka na kwamba watamzika kabla ya alasiri, kama inavyotakiwa. Hakukuwa na chombo cha kunifikisha kwa wakati, gari likiwa huko huko. Nilikaa chini sakafuni na simu mkononi, na nitasema jinsi ilivyokuwa: kabla ya kulia nilifikiri kwamba hata kaburi limekwenda upande wa kamba.

Kwetu mtu akifa, ndugu zake wanakwenda kwa mjane na kumwomba amwachilie marehemu. Wanauliza, “Unamwachilia?” Mjane anajibu, “Nimemwachilia,” watu wanaitikia amina, na maiti anakwenda bila mzigo wa mkewe. Mara nyingi hakuna anayelifikiria jibu. Ni kama kuitikia hodi.

Walinijia shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na wifi yangu, dada yao mkubwa. Wakaniuliza. Nilinyamaza. Wakauliza tena, wakidhani sikusikia kwa ajili ya kilio, lakini mimi nilikuwa silii.

“Mwenzako tumemwuliza kwa simu, amejibu hata hatujamaliza kuuliza,” wifi akasema.

Niliona ni kawaida. Yeye hakupungukiwa kitu, angekosa nini kujibu upesi? Nikawaambia kwamba siwezi kusema uongo juu ya maiti. Ikiwa mume wetu alichukua kilicho changu akakipeleka kwa mwenzangu, nataka kujua kwanza, na nikishajua nitamwachilia, hata kama ni kikubwa. Nisipojua, nitakuwa nimeachilia nini? Waliniuliza ni kitu gani hicho. Nikasema: esansi.

Wifi alishika kichwa. “Esansi. Kaka yangu iko kwenye udongo, yeye anatafuta esansi.”

Neno hilo lilitembea mjini kabla ya maji ya msiba kukauka. Nilikaa eda na neno hilo. Wanawake waliokuja kunipa pole walitua macho yao stoo. Yule jirani wa mawese, ambaye kwa kawaida angekuwa na la kusema, alininyooshea bakuli la wali akaniambia taratibu, “Mama, mwachilie mutu.” Nilimwambia nataka. Na ilikuwa kweli nilitaka. Kila alfajiri nilipomwombea nilifika kwenye neno la kumwachilia nikakwama hapo, kwa sababu Mungu haitikiwi kama hodi.

Shemeji alilifuata gari Kabambare, akalirudisha ili kuendeleza duka. Alilitumia hapo hapo mjini, kwa esansi aliyoinunua yeye, kwenye bidoni yake. Siku moja alisimama mlangoni kwangu, hakuingia kwa heshima ya eda, akajikuna shingo.

“Shemeji, usinichukie. Usiku hakuna mutu anaingia hapa kufungua tangi?”

Nilimwuliza kwa nini.

“Bidoni nzima. Na sijaenda popote. Dukani, msikitini, kwangu. Popote sijaenda.”

Alikuwa ananishuku mimi. Nilielewa hivyo kwa jinsi alivyokuwa akitazama viatu vyake. Nilipomjibu kwamba hakuna anayeingia, aliona haya, akaaga. Mimi nikabaki na maneno yake. Sijaenda popote. Aliyekuwa akishtakiwa moyoni mwangu amelala Kabambare chini ya udongo, na bidoni ya mjini bado inaisha mbio. Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Lakini wivu ukishazoea nyumba hautoki kwa hoja moja. Nilijiambia labda shemeji naye ana mtu wake huko Lusangi, kwenye machimbo, anampelekea.

Eda ilipokwisha, kiangazi kilikuwa kimeshika na njia imekauka. Nikamwomba shemeji anipeleke Kabambare, nikasimame kwenye kaburi, nimwulize mwenzangu uso kwa uso. Alikubali upesi. Nadhani ukoo wote ulikuwa umechoka kuwa na maiti asiyeachiliwa.

Tuliondoka asubuhi. Nilikaa mbele, mahali pa mama yangu. Shemeji alitia funguo, gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likajaza ua harufu ya esansi mbichi. Kile kifungo cheusi kilikuwa kimetokeza kama siku zote, nikatundika hapo kimkoba changu. Tukapita sokoni. Tukapita hospitali. Tukaziacha nyumba za mwisho na mashamba ya mihogo, gari likiwa bado linavuta kwa shida, na mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya vumbi.

Nilipofumbua, shemeji alikuwa ameondoa kimkoba changu, ameniwekea mapajani, na anakisukuma kile kifungo kuingia ndani ya ubao.

Nilimshika mkono. Nilidhani anaharibu.

“Ni starta, shemeji,” akasema. “Ni ya kuamshia. Injini ikiwa baridi unaivuta, injini inanyweshwa esansi nyingi ili isife. Ikipata moto unairudisha.”

“Inarudi?”

“Inarudi. Isiporudi itakunywa mpaka umasikini.”

Kifungo kilikuwa kimeingia chote. Kilibaki kichwa chake tu, kimelala sawa na ubao, na huwezi kutundika hata uzi. Sauti ya gari ilibadilika. Likaacha kukohoa, likawa linakwenda kama mtu aliyekula akashiba na sasa anatembea zake. Harufu ikaisha. Nilikitazama kifungo kile mlima baada ya mlima. Miaka yote niliyokaa kwenye gari lile sikuwahi kukiona ndani. Kutoka nyumbani hadi dukani hakikuingia. Hadi msikitini hakikuingia. Mama yangu alitundika mfuko wake hapo kwenda na kurudi, na langoni pa hospitali kilikaa nje wakati wote gari likinguruma, likinyweshwa, halijapata moto. Na lilipokaribia kuupata lilizimwa, likapoa, na kesho likaamshwa upya, likaanza tena kudai chakula chake kabla ya kusogea.

Basi hapakuwa na mwizi. Bidoni yangu ililiwa na kuamka. Mjini tuliliamsha gari asubuhi, mchana na jioni, kila mara kwa njia ya kutembea. Bidoni ya mwenzangu ililiamsha mara moja alfajiri, na iliyobaki yote ikawa mwendo.

Ninaandika jambo hili kana kwamba lilinituliza. Halikunituliza. Nilichofikiri, pale pale, na milima ya Kabambare imeanza kuonekana, ni kwamba mimi na mama yangu tulipewa gari la baridi, linalokohoa na kunuka, na yule mwanamke kila mara alifikiwa na gari lenye moto. Hata hilo alilipata yeye. Na nikafikiri zaidi: mtu aliyegawa samaki, vitenge na siku, ambaye alijua kwamba mjini gari linakula, kwa nini aligawa bidoni sawa? Alipaswa kugawa njia. Bidoni zilikuwa sawa, njia hazikuwa sawa, naye alijua. Kwa hiyo swali langu lilikuwa bado lipo, limebadili nguo tu.

Tulifika mchana. Shemeji aliingiza kijiti kwenye tangi, akanionyesha bila mimi kumwuliza. Kilitoka kimelowa.

Mwenzangu alitoka kutupokea. Alikuwa amevaa kitenge kile kile nilichokivaa mimi. Tulisimama tukatazamana, vitenge viwili vya rangi moja, na mmoja wa watoto wake akauliza kwa sauti kama huyu ndiye mama wa nguo za mama. Mwenzangu alimfukuza kwa mkono. Akapiga goti kidogo, akasema, “Karibu, yaya,” kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko niliyokuwa nimeijenga kichwani. Nilitafuta kitu cha kuonea wivu, nikapata watoto wake, na kwa kuanzia walitosha.

Tulikula. Shemeji alikwenda kuswali. Nikamwambia mwenzangu nilichokuja kutafuta, bila kuzunguka. Nikamwambia pia kwamba sasa ninajua esansi yangu haikuja kwake.

“Kwangu?” akasema. “Yaya, mimi hiyo gari sijaipanda.”

Nilidhani ananicheka. Akanieleza. Gari likifika lilipumzika uani mpaka siku ya kurudi. Mume wetu alikataa kuliwasha. Akimwomba ampeleke sokoni Kabambare, alimwambia njia fupi inakula esansi ya kurudia. Majirani walimcheka, mume ana gari, mke ana kikapu kichwani. Kwao Wamaza alikwenda kwa pikipiki akiwa na mimba, kwa kuwa huko ni pikipiki au miguu. Na alipokaa hapa akisubiri zamu yake, alikuwa ananifikiria mimi nimekaa mbele, napelekwa msikitini kama bibi harusi.

“Hata habari ya mama yako nilisikia,” akasema. “Alikuwa na musumari wake wa kutundika mufuko.”

Hapo nilichomwa. Kicheko kile cha mume wetu, kile cha kufuta macho, nilidhani kimebaki ndani ya gari kati yetu watatu. Kumbe alikibeba mpaka huku, akamchekesha nacho mwenzangu.

Nilitaka kunyanyuka. Yeye akanishika upindo wa kitenge.

“Kaa, yaya. Kuna lingine.”

Alisema mume wetu alikuja safari moja akiwa hana raha. Akamweleza kwamba ya mjini inaisha kabla ya wakati, mama mkwe amekwenda hospitali kwa baiskeli, na yeye amemwacha barazani na mfuko wake. Akamwomba mwenzangu amruhusu apunguze kidogo kwenye bidoni ya kamba aongeze kwenye bidoni ya kitambaa, mpaka mguu upone. Alimwambia, bila ruhusa yako siwezi, ni haki yako.

“Ukasema nini?”

“Nilikataa.”

Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa anaokota punje za wali kwenye mkeka, moja moja, haniangalii.

“Kwa sababu aliomba vizuri sana. Mimi hajawahi kuniombea kitu kwa mutu na sauti ile.”

Nilijaribu kumchukia, na haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha limwa. Lakini nilijiweka mahali pake, nyumba hii, gari hilo limelala uani, mume ananiomba kwa sauti nzuri kwa ajili ya mama wa mke mwingine. Ningekataa. Ningekataa kwa maneno hayo hayo, na labda nisingekuja kuyasema baadaye.

Jioni, jua likiwa bado lipo, alinipeleka makaburini. Tulisimama kando, kwenye majani, kama inavyofaa kwa wanawake, na shemeji akasimama mbele yetu. Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Alikuwa analifagia mwenzangu, nikaona alama za ufagio, na hilo pia nililionea wivu. Nilitafuta moyoni kama kuna kitu kingine ambacho mume wetu alinichukulia kwa siri, nikageuza kila kona, nikakuta alichonipa kidogo alinipa mbele ya macho yangu, na kile alichoshindwa kuniongezea alikwenda kukiomba akanyimwa. Hakurudi kuniambia kwamba alinyimwa. Aliacha nimchukie yeye.

“Nimekuachilia,” nikasema. Nilisema kwa sauti, ili shemeji asikie awapelekee wengine. “Ya esansi, na ya baiskeli ya mama. Yote.”

Shemeji aliitikia amina. Akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu, akatangulia kwenda gari.

Mwenzangu hakuondoka. Alibaki amesimama karibu nami, mikono imekunjwa ndani ya kitenge chake ambacho ni kitenge changu, na nilijua anasubiri nini.

“Na miye, yaya?”

“Wewe uko hai,” nikamwambia. “Kwako sina haraka.”

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. Akasema basi nilale pale wiki nzima, maana kazi kama ile haifanyiki kwa siku moja. Nikamjibu kwamba nitalala, lakini sitatumia sabuni yake, nimekuja na yangu. Akaniambia sabuni ni ile ile, mume wetu alituletea kutoka katoni moja. Tukaanza kurudi nyumbani, yeye mbele kwa sababu anaijua njia, na mimi nyuma yake, namtazama anavyotembea.